Gari Kuukuu Gerejini kwa Wakala

Ndugu wanakisomo, safari hii tujifunze kusoma karatasi ya gereji. Vijiji vingi vina gari la pamoja, la chama cha ushirika au la kikundi: Land Rover au Land Cruiser, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mengi ni makuukuu. Land Rover Defender za umbo la zamani ziliacha kutengenezwa Januari 2016, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani si mpya tena.

Gari likiharibika kidogo, fundi wa hapa hapa hulitengeneza. Injini ikifa, watu husema, "Lipelekeni kwa wakala mjini." Sawa. Wakala ana vifaa, ana spea za kampuni, na kazi yake huwa na dhamana. Lakini bei yake ni kubwa, na fedha ni za wanachama.

Tuchukue mfano. Land Cruiser ya kikundi cha wakulima imechemsha mlimani. Dereva anachomoa kijiti cha kupimia oili. Anaona oili nyeupe-nyeupe kama chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi ndiyo imeungua. Hapo gari lisiwashwe tena hata kwa kujaribu. Livutwe. Oili yenye maji hailainishi vyuma, na mkiendelea kuliendesha mtaua injini nzima.

Kwa wakala, kijana wa mapokezi anatoa karatasi yenye neno MAKADIRIO. Hebu tuisome. Spea, shilingi 2,850,000. Kazi, saa 20, kila saa shilingi 60,000, yaani 1,200,000. Jumla 4,050,000. Kikundi kina 5,000,000 benki. Mwenyekiti anafurahi, anatia sahihi.

Ngoja kwanza. Hizo saa 20 ni zipi? Mara nyingi wakala huzitoa kwenye kitabu cha kampuni, siyo kwenye saa ya ukutani. Fundi akimaliza mapema, mtalipa zile zile 20. Na kwenye gari kuukuu bolti zenye kutu hukatika, kazi ikaongezeka. Ulizeni mapema nani atalipia hiyo nyongeza. Ulizeni pia kama kodi imo ndani ya jumla au bado.

Siku ya tatu simu inalia. "Shikamoo mzee. Tumefungua injini. Silinda hedi nayo haifai. Mpya ni shilingi 3,400,000. Tuendelee?"

"Marahaba. Endeleeni tu, mwanangu."

Sasa jumla ni 7,450,000. Neno moja la simu, na fedha hazitoshi! Gari linaweza kuzuiwa mpaka deni liishe, na gereji nyingine hudai pia ada ya maegesho kila siku.

Dawa yake ilikuwa kuandika juu ya yale makadirio, kabla ya sahihi: "Msizidishe shilingi 4,050,000 bila idhini ya kikundi kwa maandishi." Pande zote mbili zitie sahihi, nakala ibaki kwenu. Halafu simu ikija, mjumbe aende akaone kwa macho na kuuliza: silinda hedi imepinda au imepasuka? Iliyopinda kidogo huweza kusawazishwa kwa mashine, kwa bei ndogo kuliko ya mpya. Iliyopasuka kwa kawaida hubadilishwa. Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Anayechukia, sisi tungemtilia shaka.

Kuna swali jingine, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote: nini kilichemsha injini? Tazameni tena makadirio. Gasketi imo. Rejeta haimo, pampu ya maji haimo. Kama rejeta imeziba na haikuguswa, gasketi mpya itaungua vile vile mlimani pale pale, na wakala atasema dhamana yake ni ya gasketi tu.

Karatasi ni tatu, msizichanganye. Makadirio ni bei inayotazamiwa. Ankara ni deni baada ya kazi. Stakabadhi ni ushahidi kwamba mmelipa; iwe ya mashine, na jina la kikundi liandikwe. Kabla ya kumaliza malipo, dereva alijaribu gari kwenye mlima, liwe limebeba mzigo, kisha injini ikipoa apime maji na oili. Spea za zamani zidaiwe siku ile ile ya kuagiza kazi. Mkichelewa mtaambiwa zimetupwa.

Zoezi. Mnunuzi yuko tayari kutoa shilingi 6,000,000 kwa gari hilo likiwa bovu. Likitengenezwa, atatoa 11,000,000. Kwa jumla ya 7,450,000, kikundi kingepata au kingepoteza? Na kama silinda hedi ingesawazishwa kwa 350,000 badala ya kununuliwa mpya? Andikeni hesabu zote mbili daftarini, mzilete kwenye mkutano wa kikundi.