Tangi Lako Lina Lita Ngapi Kweli?

Mdogo wangu, muuzaji alikwambia tangi ni la lita 63, na chupa ya dawa ya madoa meupe inakutaka uhesabu matone kwa lita. Usifungue kizibo kwanza. Hiyo 63 ni tangi kavu lililopimwa kwa nje: sentimita 60 kwa 30 kwa 35, zidisha, gawa kwa 1,000. Hesabu haina kosa, ila samaki haogelei ndani ya unene wa kioo.

Chukua futi kamba upime kwa ndani. Kioo cha milimita 6 kinakupunja sentimita 1.2 kwenye urefu na nyingine 1.2 kwenye upana. Kimo pima cha maji yenyewe, kuanzia kioo cha chini hadi uso wa maji, maana hakuna anayejaza mpaka ukingoni. Tuseme ni 31. Basi 58.8 kwa 28.8 kwa 31 inakupa lita 52 na nusu. Kokoto bado! Zikitandazwa kwa kina cha sentimita 5 zinaweza kufukuza lita nne hivi au tano. Umebaki na 48. Ukiweka dawa ya lita 63 hapo, umezidisha karibu theluthi, na dawa hizi nyingi zikizidi ni sumu. Kambare, asiye na magamba, ndiye huanza kuumia.

Wenye bakuli la duara msijisumbue na hesabu. Siku ya kulijaza upya, kokoto zikiwa ndani, mimina kwa chupa ya lita moja na nusu huku ukihesabu. Mimi naiamini njia hii kuliko futi, hata kwa tangi la pembe nne. Ndoo ya lita 20 nayo ipime kwanza kwa chupa hiyohiyo, kwani ikijazwa pomoni huweza kuzidi.

Dawa ikiandikwa galoni, tazama ilikotoka: ya Marekani ni kama lita 3.8, ya Uingereza kama 4.5.

Na kile kimeza cha televisheni unachotaka kulikalishia tangi, hapana. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni kilo 48 kabla ya kioo na kokoto, usiku na mchana, na mtoto wako anapenda kukiegemea. Mwite fundi seremala.