Misuli ya Mkimbiaji Wakati wa Likizo

Likizo iliyopita sikukimbia hata siku moja kwa muda wa majuma manne. Shule ilipofunguliwa tulipanda njia ya Morningside. Kabla ya kufika nusu miguu ikaniwaka moto, nikaketi jiweni. Akina mama waliokuwa wakishuka sokoni Morogoro na mikungu ya ndizi kichwani wakanipa pole, na mmoja akauliza, “Mwanangu, unaumwa?”

Nilimwuliza mwalimu wetu wa baiolojia sababu. Kumbe ndani ya misuli mna vijumba vidogo mno, viitwavyo mitokondria, vinavyochoma mafuta na sukari kwa msaada wa oksijeni. Mkimbiaji akiacha mazoezi, nguvu ya vijumba hivyo huanza kupungua kabla ya majuma mawili kwisha. Damu nayo hupungua maji, moyo ukasukuma kidogo kwa kila pigo. Hapo misuli hutumia mafuta machache na sukari nyingi zaidi, na asidi ya maziwa hujaa mapema. Lakini vile vimishipa vyembamba vya damu vilivyoota kwa mazoezi ya miaka havipotei upesi. Jambo hilo lilinifariji.

Akina mama wale, nadhani, hawana likizo.

Mashindano yamebakiza majuma matano. Jina langu limeandikwa kwa kalamu ya risasi.