Kutoka Mashamba ya Chai hadi Ngomeni: Maandalizi ya Safari ya Kutazama Roketi na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii inafaa kumwongoza mwanafunzi wa Kericho au Bomet anayenuia kusafiri ili ajionee roketi ikirushwa. Akifika Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mahali pekee nchini Kenya ambapo roketi ziliwahi kupeleka satelaiti kwenye anga za juu, hatakuta roketi inayongoja kuwashwa. Ya mwisho ilirushwa huko tarehe 25 Machi 1988. Je, safari hiyo ina faida gani?

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi safari ya namna hii inavyoweza kupangwa, na kuonyesha kwamba maandalizi yake ya kwanza ni ya lugha. Hoja yetu ni kwamba wakazi wa kawaida wa Kenya walikwisha kuona roketi katika sehemu mbili: katika nyanda za chai na katika pwani ya Ngomeni. Masimulizi ya walioshuhudia ni hazina ya Kiswahili, na umri wao hautungoji. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 roketi ya kwanza yenye satelaiti iliporushwa Ngomeni mwaka 1967 alizaliwa mwaka 1957. Kwa hiyo, safari inayopendekezwa hapa inaanzia nyumbani, inapitia Ngomeni, ndipo iangalie ughaibuni.

Roketi za Nyanda za Chai

Vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazojulikana mno kwa wingi wa mvua ya mawe. Mkulima wa chai anaijua hasara yake. Kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi, yaani sehemu changa kabisa ya mche, na hiyo ndiyo inayotobolewa na kukatwa na mawe ya barafu. Shamba lililopigwa alasiri moja huweza kukaa majuma kadhaa bila kuchumwa.

Katika miaka ya 1960 yalifanywa majaribio ya kupambana na mvua hiyo kwa roketi. Roketi ndogo zenye baruti zilirushwa kutoka ardhini kuelekea katika mawingu mazito ili zilipuke humo. Mtaalamu wa hali ya hewa, H. W. Sansom, aliyaeleza majaribio hayo ya Kenya katika makala aliyoichapisha mwaka 1966. Baadaye mbinu ilibadilika, zikatumika ndege zilizosambaza kemikali yenye madini ya fedha katika mawingu.

Historia hii ina uzito kwa mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu ya watu waliokuwa mashambani. Mashamba makubwa ya chai yaliwakutanisha Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kuelewana kati ya mchumaji na nyapara, na kati ya jirani na jirani. Mlio ulipotoka angani, watu hao waliambiana nini? Waliita kitu kile roketi, bomu, mzinga au baruti? Swali hili haliwezi kujibiwa na kamusi. Linajibiwa na mzee aliyekuwapo.

Ngomeni na Ikweta

Kituo cha Ngomeni kilianzishwa kwa ushirikiano wa Italia na Kenya, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Roketi hazikurushwa kutoka nchi kavu. Zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, huku shughuli zikiongozwa kutoka jukwaa la pili lililoitwa Santa Rita. Kati ya mwaka 1967 na 1988, satelaiti 9 zilipelekwa kwenye mzingo kutoka hapo. Zote zilibebwa na roketi za Kimarekani aina ya Scout, zenye sehemu nne zilizowaka moja baada ya nyingine.

Satelaiti maarufu kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo upande wa Marekani, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka anga za mbali. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002. Orodha ya nne ya vyanzo vya eksirei iliyotokana nayo ina vyanzo 339, na hadi leo wanajimu wa kisayansi huviandika kwa alama 4U. Herufi U hapo ni ya Uhuru. Neno letu limo katika majina ya vitu vya mbinguni, na wanafunzi wengi wa Kiswahili huhitimu bila kuambiwa.

Msomaji wa Kericho anaweza kuuliza: kwa nini Ngomeni, na mji wetu u karibu zaidi na ikweta? Ni kweli. Kericho iko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, ilhali Ngomeni iko karibu digrii 3. Katika ikweta dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea upande huo hunufaika kwa kasi hiyo. Tena Kericho iko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, sehemu za roketi zilizokwisha kuungua huanguka. Mashariki mwa Kericho kuna watu, mifugo na miji; mashariki mwa Ngomeni kuna Bahari ya Hindi. Usalama wa binadamu ndio ulioamua.

Msamiati wa Safari

Msafiri asiye na maneno huona mengi akasimulia machache. Ni vyema, kabla ya kukata tiketi, tuyapime maneno yetu.

Kwanza, kitenzi ruka. Kutokana nacho tunapata rusha, kisha rushwa na rushia. Tukisema "roketi iliruka", tunaipa roketi utendaji wake yenyewe. Tukisema "roketi ilirushwa", tunakumbusha kwamba kuna mtendaji nyuma yake, hata kama hatajwi. Kauli ya kutendea hutupa "jukwaa la kurushia roketi", ambapo kiambishi kimoja kinatosha kuonyesha mahali na matumizi yake.

Pili, kitenzi fyatua, ambacho hutumiwa kwa bunduki na mtego. "Roketi ilifyatuliwa" huonyesha kusudi. "Roketi ilifyatuka" huweza kudokeza ajali. Mwandishi wa habari anayechanganya mawili haya anaweza kumsingizia mtu kosa, au kumfichia.

Tatu, kitenzi lipuka. Hapa ndipo nyanda za chai na pwani zinapoachana. Roketi ya mvua ya mawe iliyolipuka mawinguni ilikuwa imetimiza kazi yake. Roketi ya Ngomeni kama ingelipuka, kazi ya miaka ingepotea. Neno ni lile lile. Katika masimulizi ya Kericho ni ufanisi, katika ya Ngomeni ni msiba. Mtafiti anayekusanya masimulizi bila kujali muktadha atatafsiri furaha kuwa hofu.

Nne, nomino. Kombora ni silaha, na haifai kuitumia kwa chombo cha kubeba satelaiti ila kama msimulizi mwenyewe ameitumia. Akiitumia, tusimsahihishe. Huenda neno hilo ndilo linalotuambia jinsi alivyokipokea kitu kile: kama zawadi au kama tishio.

Saa na Ratiba

Roketi haingoji abiria, lakini yenyewe huweza kuwangojesha watazamaji. Mfano ulio karibu ni wa satelaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyobebwa na roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Urushaji wake uliahirishwa zaidi ya mara moja mwezi Aprili 2023, kisha ukafaulu. Aliyepanga kwenda kuutazama na akaweka siku moja tu angerudi akiwa ametazama mawingu. Ratiba ya safari ya namna hii haina budi kuwa na siku za akiba, na lugha yake iwe ya masharti: "ikirushwa Jumanne, tutarudi Jumatano, isiporushwa, tutakaa hadi Ijumaa."

Jambo la pili ni saa zenyewe. Kwa saa za kimataifa Taifa-1 iliondoka tarehe 15 Aprili 2023, 06:48. Kwa saa ya ukutani ya Nairobi ilikuwa 9:48, nasi tunasema saa tatu na dakika arobaini na nane asubuhi. Huko California ilikuwa ingali tarehe 14, saa tano na dakika arobaini na nane usiku. Tukio moja, tarehe mbili. Kiswahili kina usemi unaoondoa utata huu: "usiku wa kuamkia tarehe 15". Anayefasiri ratiba ya kigeni bila kuujua usemi huo anaweza kuwafikisha wenzake siku moja baada ya roketi kuondoka.

Jambo la tatu ni utaratibu wa kuona na kusikia. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mtazamaji aliye umbali wa kilomita 20 huona moto kwanza, na mngurumo humfikia baada ya karibu dakika nzima. Wakazi wa Kericho na Bomet wanalijua hili kwa umeme na radi. Masimulizi mazuri hulinda utaratibu huo. Msimulizi anayeanza na mngurumo huenda alikuwa ndani ya nyumba, na hilo nalo ni ushahidi.

Mpango wa Safari

Kutokana na yaliyojadiliwa, tunapendekeza mpango wenye hatua tatu.

Hatua ya kwanza ifanyike nyumbani. Wanafunzi wagawanywe katika mashamba na vijiji vya Kericho na Bomet, wawatafute wazee waliofanya kazi katika chai miaka ya 1960, na kurekodi kumbukumbu zao. Nauli yake ni ndogo. Swali liwe wazi: "Mzee, uliona nini? Ulisikia nini kwanza? Watu walikiitaje?" Tusiulize, "Je, uliona roketi?" kwa maana tutakuwa tumempa neno ambalo tulikwenda kulitafuta.

Hatua ya pili ni Ngomeni. Kutoka Kericho hadi Nairobi ni kama kilomita 260. Anayetoka Bomet anaweza kupitia Narok. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama 480, na tangu mwaka 2017 msafiri anaweza kupanda treni ya reli ya kisasa kutoka Syokimau hadi Miritini. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama 120, kisha kilomita 30 hivi hadi Ngomeni. Jumla ni karibu kilomita 900 kwenda tu. Kuingia katika kituo chenyewe kunahitaji idhini iliyoombwa mapema, na utafiti unahitaji barua ya chuo pamoja na leseni ya NACOSTI. Hata hivyo, tunaowafuata hasa wako kijijini: wavuvi, wake zao, na waliokuwa wanafunzi wa shule wakati ule. Kuna jambo moja la kuwauliza. Tukizitazama tarehe za urushaji wote wa satelaiti, hakuna hata mmoja uliofanywa kati ya Juni na Septemba, wakati kusi inapovuma kwa nguvu. Wavuvi watalieleza hilo kwa msamiati wa bahari ambao sisi wa bara hatuna.

Hatua ya tatu ni urushaji wenyewe, kwa yule atakayejaliwa nafasi ya kusoma au kuzuru Marekani, au Kourou huko Guyana ya Wafaransa. Asiende mikono mitupu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna maelezo ya Selim bin Abakari kuhusu safari yake ya Urusi na Siberia. Msafiri huyo alieleza nchi ya barafu kwa Kiswahili cha watu waliozoea joto. Utanzu wa kusimulia ya mbali kwa lugha yetu, basi, si mgeni. Anayetoka nyanda za chai akaona Falcon 9 ikipaa anao mfano wa kufuata.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba safari ya kutazama roketi huhitaji nauli, idhini na siku za akiba, lakini kabla ya hayo huhitaji maneno yaliyopimwa. Yameonyesha pia kwamba nyanda za chai si watazamaji wa mbali wa historia hii. Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa safari kila mwaka, na mara nyingi pwani huzuriwa kwa ajili ya ufuo na magofu. Tunapendekeza safari moja itengwe kwa kazi hii, na hatua ya kwanza isingoje bajeti. Roketi nyingine zitarushwa, kama si hapa basi kwingine. Mchumaji aliyesikia mlipuko mawinguni juu ya Kericho hatazaliwa tena.

Maswali ya Kujadili

1. Eleza tofauti za kimaana kati ya "ilirushwa", "iliruka", "ilifyatuliwa" na "ilifyatuka" katika taarifa ya habari.

2. Tunga maswali matano ya mahojiano kuhusu roketi za mvua ya mawe bila kutumia neno "roketi".

3. Andika ratiba ya siku sita ya safari ya kutazama urushaji, ukitumia hali ya masharti ipasavyo na ukitaja saa kwa Kiswahili.