Kusudi na Ishilio: Somo la Neno "So" na "So That" katika Kiingereza



Waislamu wengi wa pwani hujifunza Kiingereza kwa ajili ya kazi za afisi na biashara na mahakama, na wengi wao walikwisha kupita chuoni na kuhifadhi Ajurrumiya kabla ya kushika kitabu cha Kizungu. Mwanafunzi wa namna hii anayo akiba asiyoijua thamani yake. Kwani jambo linalowatatiza sana wasomaji wa Kiingereza, nalo ni kutenga maneno yaonyeshayo kusudi na maneno yaonyeshayo matokeo, wanazuoni wa nahau ya Kiarabu walilipima zamani kwa mizani nyembamba, wakaliwekea majina.

Kusudi ni lile lililo moyoni mwa mtenda kabla hajatenda. Ishilio ni lile litokealo baada ya tendo, likiwa lilikusudiwa au halikukusudiwa. Mtu hupanda mnazi kwa kusudi la nazi. Mnazi ukiangukia paa la jirani, hilo ni ishilio. Tofauti hii ni dhahiri kwa kila mwenye akili, lakini ulimi wa Kiingereza mara nyingi huyavika mambo haya mawili kanzu moja.

Neno lenyewe ni "so", nalo asili yake ni kielezi. Likitangulia neno la sifa hupima kadiri, na "that" hufuata kuleta matokeo: "The load was so heavy that the mast broke," yaani mzigo ulikuwa mzito hata mlingoti ukavunjika. Mbele ya jina hutumika "such": "such a storm that no boat sailed." Hapa hapana shaka, wala hapana haja ya kukawia, kwa kuwa hakuna apakiaye shehena kwa kusudi la kuvunja mlingoti wake.

Taabu huanza "so" na "that" yakikaa pamoja bila ya kitu baina yao. Atazame mwanafunzi maneno haya mawili. La kwanza: "The captain lowered the sail so that the boat might go slowly." La pili: "The rope broke, so that the boat drifted." Katika la kwanza nahodha alishusha tanga ili chombo kiende polepole, na hilo ni kusudi. Katika la pili kamba ilikatika hata chombo kikachukuliwa na maji, na kamba haina kusudi.

Waalimu wa Kiingereza hutoa alama mbili. Ya kwanza ni maneno ya kusaidia fiili, kama "may", "might", "can", "could", "will", "would" na "should", ambayo aghalabu hufuata kusudi, maana jambo lililokusudiwa halijatukia bado. Na fiili iliyo tupu, kama "drifted", hufuata matokeo, maana jambo limekwisha kuwa. Ya pili ni mkato, ambao huandikwa kabla ya "so that" ya matokeo na huachwa kabla ya ile ya kusudi. Alama hizi zafaa, lakini si za kutegemewa peke yake. Mkato huanguka kwa uvivu wa mwandishi au kwa kosa la mpiga chapa. Na "could" huweza kuhadaa: "The night was clear, so that they could see the lighthouse." Usiku haukuwa mweupe kwa kuwa uliazimia watu wauone mnara wa taa, ulikuwa mweupe, nao wakaweza kuuona. "Could" ipo, na maana ni ya matokeo.

Mizani iliyo bora zaidi kwa mtu wa pwani imo katika ulimi wake mwenyewe. Ayageuze maneno kwa Kiswahili. Yakikubali "ili", na fiili ikaishia kwa "e", kama "ili chombo kiende", basi ni kusudi. Yakikubali "hata" pamoja na "ka", kama "hata chombo kikaenda", basi ni matokeo. (Fiili zilizotoka Kiarabu, kama kusafiri na kufikiri, hazibadili mwisho wake, lakini "ili" na "hata" zatosha kuzitambulisha.) Kiswahili katika jambo hili ni wazi kuliko Kiingereza, na hii ni hoja ya kuwajibu wale wasemao kwamba lugha hii haina nahau.

Yako maneno mengine ya Kiingereza yasiyo na utata. "In order that" na "so as to" ni ya kusudi. "Therefore" na "consequently" ni ya matokeo. "Lest" ni kusudi la kuepuka, mahali pa "isije". Lakini yapasa kuhadhari na "to" iliyotanguliwa na "only", kama "He ran to the harbour only to find the vessel gone." Mwenye kufasiri kwa haraka atasema kwamba mtu yule alikimbilia bandarini ili akute chombo kimeondoka, na huu ni upuuzi, maana yake ni kwamba alikimbia, kumbe chombo kilikwisha kwenda zake.

Sasa na itazamwe akiba ya chuoni. Ajurrumiya katika mlango wa fiili huhesabu herufi zinazoifanya fiili ya mudhari kuwa mansubu, na miongoni mwake zimo kay, na laamu ya kay, na hatta. Laamu hii asili yake ni ya kusudi. Lakini katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 8, imekuja mahali pa ajabu. Mwenyezi Mungu ametaja kwamba watu wa Firauni walimwokota Musa, amani imshukie, naye akawa kwao adui na huzuni. Na herufi iliyounganisha kuokota na uadui ni laamu hiyo hiyo. Je, walimwokota ili awe adui yao? Aya ya 9 yakanusha, kwani mke wa Firauni alitaraji kwamba mtoto yule huenda akawafaa au wakamfanya mwana wao. Kusudi lao lilikuwa mapenzi na manufaa. Ishilio likawa uadui na majonzi.

Kwa sababu hii wako wanazuoni wa nahau walioiita laamu hii laamu ya aqiba, yaani ya ishilio, au laamu ya sayrura. Ibn Hisham al-Ansari, aliyefariki mwaka 761 wa Hijra, yaani 1360, ameitaja katika Mughni al-Labib kwa ushahidi wa aya hii, akaeleza kwamba watu wa Basra huikataa. Na Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538, yaani 1144, amesema katika Al-Kashshaf kwamba laamu hiyo ni ya sababu vile vile, ila kwa njia ya majazi: kwa kuwa uadui ndio uliokuwa tunda la kuokota kwao, umefananishwa na kusudi ambalo mtu hutenda kwa ajili yake. Kauli hii ina utamu wake, maana yaonyesha jinsi matokeo yanavyoweza kuwacheka wenye makusudi yao. Wallahu aalam.

Wafasiri wa Kiingereza wamelikabili tatizo hili hili. Muhammad Marmaduke Pickthall, ambaye tafsiri yake ilitoka mwaka 1930, alitumia maneno ya namna ya kusudi, akamwachia msomaji kufahamu. Abdullah Yusuf Ali, aliyefuata baada yake katika miaka ya 1930, alitia katika mabano maneno ya kuonyesha kwamba jambo lilikusudiwa. Na kwa kuwa watu wa Firauni hawakulikusudia, msomaji huona kwamba kusudi limetoka mikononi mwao na kurejeshwa kwa Mwenye kukadiria.

Hatta nayo ina siri kama hiyo. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 214, wengi wa wasomaji saba wameisoma fiili ya baada ya hatta kuwa mansubu, yaqula. Na Nafii amesoma yaquulu, marfuu. Mwenye kufanya mansubu huliona jambo kuwa lilikuwa mbele, linangojwa. Mwenye kufanya marfuu huliona kama kwamba lipo na linatukia. Ni mlango ule ule wa "might go" na "went".

Asidhani mtu kwamba haya ni mchezo wa maneno. Na achukuliwe shahidi asemaye mahakamani kwa Kiswahili: "Alifungua kamba hata jahazi likapanda mwamba." Mkalimani akiandika "so that the dhow might strike the reef", amemtia mshitakiwa kusudi ambalo shahidi hakulisema. Katika fikihi ya Kishafii, mwenye kuharibu mali ya mtu sharuti alipe, amekusudia au amekosea. Lakini dhambi na adabu ya kadhi si sawa kwa wote wawili. Na ikiwa alikufa mtu ndani ya jahazi, tofauti ya kukusudia na kukosea ndiyo tofauti ya kisasi na dia. Roho ya mtu yaweza kutundikwa katika "might" moja. Na hadithi ya niya, ambayo Imamu Bukhari ameitanguliza mbele ya hadithi zote za Sahihi yake, haimruhusu mtu kumpa mwenziwe niya kwa kalamu.

Kwa hiyo mkalimani mwenye hadhari huiacha kabisa "so that" katika ushahidi. Ikiwa shahidi amesema "hata", huandika "and as a result the dhow struck the reef". Ikiwa amesema "ili", huandika "in order that". Na ikiwa shahidi amesema kwa namna isiyojulikana, kama "alifungua kamba, jahazi lipande mwamba", humwomba hakimu ruhusa amwulize shahidi: alitaka lipande, au lilipanda tu?