Mbolea ya Mboji: Mafundisho kwa Mkulima Anayeanza

Kila mkulima ajua ya kuwa shamba likilimwa mwaka hata mwaka pasipo kupewa kitu, mavuno hupungua. Sababu yake ni wazi. Kila mzigo wa mahindi utokao shambani umechukua sehemu ya chakula cha udongo, na sehemu hiyo isiporudishwa, mimea ijayo huona njaa. Zamani shamba lililochoka liliachwa miaka kadhaa likaota vichaka, nalo likapata nguvu tena. Siku hizi wengi hawana shamba la pili la kulima wakati la kwanza linapopumzika. Basi yatupasa kurudisha chakula hicho kwa mikono yetu wenyewe, na njia isiyohitaji fedha nyingi ni kutengeneza mboji.

Wako wachomao mabua baada ya mavuno ili shamba lionekane safi. Huko ni kupoteza mali. Naitrojeni, ambayo ndiyo ikuzayo majani ya mimea, huenda zake pamoja na moshi. Kinachobaki ni majivu, nayo huchukuliwa upesi na upepo na mvua. Afadhali mabua hayo yaozeshwe.

Njia tutakayoieleza inafanana na ile iliyoenezwa na Albert Howard, aliyefanya kazi Indore, Bara Hindi, tangu mwaka 1924 hata 1931. Yeye naye alijifunza mengi kwa kutazama kazi ya wakulima wa nchi ile.

1. VITU VINAVYOHITAJIWA

Vitu vikavu: mabua ya mahindi na mtama, majani makavu ya migomba, nyasi kavu, maganda ya maharagwe.

Vitu vibichi: magugu ambayo hayajatoa mbegu, majani mabichi, maganda ya ndizi na ya viazi.

Tena samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, udongo wa juu wa shamba, majivu kidogo, na maji.

Usitie nyama, kwa maana huita panya na mbwa. Usitie mimea yenye ugonjwa, wala mizizi ya ndago, wala kinyesi cha watu, mbwa au paka, wala chupa na plastiki.

2. MAHALI

Chagua mahali penye kivuli, karibu na shamba, pasipotuama maji ya mvua. Katika nchi kavu yafaa kuchimba shimo la kina cha futi mbili ili unyevu usipotee. Penye mvua nyingi jenga juu ya ardhi.

3. KUPANGA BIWI

Pima futi tano kila upande, ukatifue udongo kwa jembe. Weka kwanza mabua manene, kimo cha shibiri moja, ili hewa ipite chini. Kisha panga hivi: vitu vikavu vilivyokatwa vipande vifupi, kimo cha shibiri, nyunyiza maji, vitu vibichi, kimo kama hicho, samadi, unene wa vidole viwili, halafu nyunyiza udongo na majivu kidogo. Rudia mpango huo hata biwi lifikie futi nne. Usilikanyage. Lifunike kwa majani ya migomba, ukachome fimbo ndefu hata ifike katikati, nayo ikae humo.

Biwi lililo chini ya futi tatu kila upande halishiki moto vizuri.

4. FIMBO NI SHAHIDI

Kazi ya kuozesha hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Navyo, kama mifugo, vyataka chakula, maji na hewa. Vikifanya kazi, biwi hupata joto. Baada ya juma moja chomoa fimbo uishike.

Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi yaendelea vema.

Ikiwa kavu, au ina unga mweupe, biwi lina kiu: lipe maji.

Ikiwa baridi, imelowa, na yanuka vibaya, maji yamezidi na hewa imekosekana: geuza biwi, ukaongeze vitu vikavu.

Ikiwa baridi na ina unyevu, lakini hainuki, vitu vibichi na samadi havikutosha: viongeze.

Kupima maji, fumbata konzi moja ya mboji. Mkono ulowe, lakini maji yasichuruzike.

5. KUGEUZA

Baada ya majuma matatu geuza biwi lote, yaliyokuwa nje yaingie ndani, kwa kuwa joto la katikati ndilo liuwalo mbegu za magugu na magonjwa. Geuza tena baada ya majuma matatu mengine. Kwa kawaida mboji huwa tayari kwa miezi mitatu. Penye baridi hukawia zaidi. Utaitambua kwa weusi wake, kwa kumomonyoka mkononi, na kwa harufu ya udongo wa msituni.

6. KUITUMIA

Usitie shambani mboji ambayo haijaiva; kwa kuwa yaendelea kuoza, huchukua naitrojeni ya udongo, na mimea hugeuka rangi ya manjano. Mboji iliyoiva ifunikwe, isipigwe na jua wala mvua. Wakati wa kupanda, tia konzi mbili katika kila shimo, changanya na udongo, kisha weka mbegu.

Biwi la kwanza halitatosha shamba zima, usivunjike moyo. Litumie katika mistari michache ya mahindi, na mistari ya jirani iache bila mboji. Siku ya kuvuna, pima kila upande kwa debe lile lile. Hapo utajua mwenyewe kama mabua ya mwaka huu yafaa kuchomwa au kutunzwa.