Barnaba, Mtume Aliyewadhamini Wengine

Barnaba hakuwa mmoja wa wale Thenashara, lakini Luka amwita mtume pamoja na Paulo (Matendo 14:14). Jina lake lilikuwa Yusufu, Mlawi, mzaliwa wa kisiwa cha Kipro. Mitume ndio waliompa jina la Barnaba, maana yake Mwana wa Faraja. Na tuangalie tabia yake.

1. Alitoa mali. Aliuza shamba lake, akaziweka fedha miguuni pa mitume (4:37).

2. Alimdhamini mtu aliyeogopwa. Saulo alipofika Yerusalemu wanafunzi hawakusadiki kwamba ameongoka, nao walikuwa na sababu, kwa maana aliwahi kuwatia watu gerezani. Barnaba akamtwaa, akampeleka kwa mitume (9:27). Kama Saulo angalikuwa mwongo, aibu ingalimpata Barnaba kwanza. Baadaye akamfuata mpaka Tarso, wakafundisha pamoja Antiokia mwaka mzima. Hapo kwanza Luka huandika Barnaba na Saulo. Baada ya safari ya Kipro, mara nyingi ni Paulo na Barnaba. Wala hatusomi kwamba Barnaba alinung'unika.

3. Hakumtupa aliyerudi nyuma. Yohana Marko aliwaacha njiani huko Pamfilia, na Paulo akakataa kumchukua tena. Wakashindana hata wakatengana. Barnaba akaenda na Marko. Miaka ikapita, Paulo mwenyewe akaagiza aletewe Marko, kwa kuwa amfaa kwa kazi (2 Timotheo 4:11).

Hata hivyo Barnaba si malaika. Huko Antiokia naye alivutwa na unafiki, akajitenga na ndugu wa Mataifa mezani (Wagalatia 2:13).

Tangu mkonge ulipoletwa karibu na Pangani mwaka 1893, watu wa makabila mengi wamekuja kufanya kazi katika mashamba ya pwani yetu. Basi mgeni aja usharikani bila cheti cha ubatizo. Mwingine arudi baada ya kuanguka. Wazee husema, "Tungoje, tuone." Kuchunguza ni wajibu: Barnaba naye hakukisia, bali aliweza kueleza jinsi Saulo alivyomwona Bwana na kuhubiri Dameski. Lakini kungoja tu si kuchunguza. Lazima mmoja aketi na mtu huyo, amsikilize, kisha asimame naye mbele ya wazee.

Maswali kwa walimu na wanafunzi:
Ni nani katika usharika wetu asiye na wa kumsemea?
Ni nani atakayemwendea juma hili?