Somo la 12: Kasa Anavyotumia Nishati na Kukua

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba kila mnyama hula, hupumua, hukua na kuzaa. Mambo hayo yote yanahitaji nishati, na mnyama huipata nishati kutoka katika chakula. Katika somo hili utachunguza jinsi kasa anavyoigawa nishati yake tangu anapoangulika hadi anapokuwa mpevu.

Maisha ya kasa

Kasa huishi baharini, lakini jike hutaga mayai nchi kavu. Usiku hupanda ufukweni, kama vile katika Kisiwa cha Juani, Mafia. Huchimba shimo mchangani, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, huyafukia, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi mayai huanguliwa.

Mtoto wa kasa ana uzito wa gramu 25 hivi. Katika siku zake za kwanza hutumia chakula kilichobaki cha kiini cha yai. Kwa nishati hiyo hujifukua mchangani, hukimbilia majini na kuogelea mpaka bahari kuu. Huko hula vijidudu vinavyoelea. Baada ya miaka kadhaa hurudi karibu na pwani, akaanza kula nyasi za baharini na mwani. Kasa mpevu huweza kufikia kilo 125. Huo ni uzito wa mtoto mara 5,000!

Kazi ya kufanya: Kielelezo cha nishati

Wanasayansi hawawezi kumfuata kasa mmoja maisha yake yote. Kwa hiyo hutumia hesabu kuonyesha jinsi nishati inavyoingia mwilini na kutumika. Hesabu ya namna hiyo huitwa kielelezo. Wewe pia unaweza kutengeneza kielelezo chepesi.

Vifaa: punje 100 za mahindi na vifuu vitatu vya nazi.

1. Andika A, B na C juu ya vifuu. A ni nishati ya kuuendesha mwili: kupumua, kuogelea na kutengeneza sehemu zilizochakaa. B ni nishati ya kukua. C ni nishati ya kukomaa na kutaga mayai.
2. Punje ni nishati ya chakula. Zigawe kama jedwali linavyoonyesha. Tarakimu hizi ni za mfano tu.

| Kasa | Chakula | A | B | C |
|---|---|---|---|---|
| Mtoto | 10 | 3 | 5 | 2 |
| Kijana | 50 | 25 | 15 | 10 |
| Mpevu | 100 | 80 | 0 | 20 |

Tazama kifuu A. Mwili ukiwa mkubwa, gharama ya kuuendesha huwa kubwa pia. Tazama kifuu B. Kasa mpevu hula kuliko wote, lakini hakui tena, au hukua kidogo mno. Sasa tazama kifuu C. Mtoto na kijana hawatagi. Nishati hiyo hukomaza miili yao. Kwa kasa jike mpevu, hugeuka kuwa mafuta na mayai.

Chakula kinapopungua

Gharama ya kuuendesha mwili haingoji. Chakula kikiwa haba, kasa jike hukosa nishati ya mayai, naye huweza kukaa miaka kadhaa bila kutaga. Kasa pengine humeza plastiki iliyotupwa baharini. Plastiki hujaza tumbo, lakini haimpi nishati yoyote.

Kasa huchukua miaka 25 au zaidi kuwa mpevu. Fikiri: kasa aliyeangulika mwaka uliozaliwa wewe bado ni kijana, wala hajataga hata yai moja. Kasa jike anayepanda ufukweni leo amekula majani kwa miaka mingi ili apate nishati ya mayai yale. Akiuawa usiku huo, itapita miaka mingi kabla mtoto wa kasa hajakua na kushika nafasi yake. Ndiyo maana sheria ya Tanzania inakataza kuvua kasa na kuchukua mayai yake. Ukimwona kasa ufukweni, usimguse wala usimmulike kwa taa. Mwache amalize kazi yake.

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayotumia nishati ya kasa.
2. Kwa nini kasa mpevu hakui ingawa anakula sana?
3. Gawa punje 90 kwa kasa mpevu. Kifuu A kipate 80 kwanza. Mayai yamebakiwa na punje ngapi?
4. Punje 10 kati ya zile 100 zikiwa plastiki, kasa atapungukiwa na nini? Eleza.
5. Wewe unakula chakula kila siku. Je, kifuu B chako kina kitu au ni kitupu? Umejuaje?